Siku Akina Mama Walipoingia Mjini

Asubuhi moja mwishoni mwa Machi, Mama akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye, aliniuliza swali.

"Hii Marekani mliyonileta kuiona, iko wapi?"

Nilidhani anatania. Nilikuwa natafuta funguo za gari, nimeshavaa sare ya hospitali, na mwanangu mdogo alikuwa mlangoni akilia kwamba soksi zake hazifanani.

"Si uko ndani yake, Mama?"

"Hapa ni jikoni kwako," akasema. "Jiko nilikuwa nalo hata nyumbani Kinangop."

Akaendelea kumenya. Hakusema kwa uchungu wala kwa kulalamika, lakini maneno yale yalinifuata barabarani hadi kazini, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Alikuwa amekaa nasi Germantown wiki kadhaa. Alichokuwa ameona ni nyumba yetu, iliyobanana na nyumba nyingine za rangi ileile. Kanisa letu dogo kule Takoma Park siku za Jumapili. Duka kubwa la vyakula. Na barabara pana ya kutufikisha huko. Mume wangu alikuwa akitoka kabla jua halijachomoza kwenda Sterling, ng'ambo ya mto, anakotunza mitambo ya kupoza kompyuta katika yale majengo makubwa yasiyo na madirisha. Watoto walikwenda shule, mimi hospitali. Mama alibaki dirishani akitazama majirani wanaoingia garini ndani ya gereji na kuondoka bila kukanyaga chini.

Na huyu hakuwa mtu wa kukaa dirishani. Nyumbani alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilicholeta maji ya bomba kijijini kwetu. Wakubwa walipomzungusha, alikwenda kuketi nje ya ofisi yao pamoja na wanawake wenzake, wakawasha moto, wakapika uji, wakalala hapohapo mpaka mabomba yakaletwa. Wanawake hao sasa walikuwa wakimpigia simu kila Jumapili kumuuliza ameona nini huko ng'ambo. Siku moja nilisikia mmoja akimuuliza kama ameiona ikulu.

"Bado," Mama akajibu. "Nimeona duka. Lina mlango unaojifungua wenyewe."

Mimi mwenyewe, baada ya kuishi Maryland zaidi ya miaka kumi, nisingeweza kumwelekeza mtu ikulu ilipo. Watu wengi ninaowafahamu hapa wako hivyo. Mji mkuu wenyewe, Washington, tunaupitia kwa pembeni, kwa ile barabara ya mzunguko, kama mtu anayezunguka shamba la jirani ili asikanyage mimea.

Nilimweleza mume wangu lile swali la Mama, naye akalichukua kwa uzito. "Jumamosi tunampeleka," akasema. "Kwa gari. Saa mbili tu, tumemaliza."

Hatukujua kwamba ilikuwa wikendi ya maua. Miti ya micheri ya kando ya maji ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, na watu walikuwa wamemiminika kutoka kila upande kuja kuitazama. Tulizunguka. Mama alikuwa kiti cha nyuma, katikati ya watoto, amevaa koti lake jema na kitambaa kipya cha kichwa, mkoba magotini. Kila tulipoona nafasi ya kuegesha, tulikuta bango linalokataza.

"Siwezi ku-park hapa," mume wangu aliendelea kusema. "Wata-tow gari."

"Mnara ule mrefu tena," Mama akasema. "Safari hii umetokea upande wa kushoto."

"Shosho, look, the White House," binti yangu akamwambia bibi yake.

"Wapi?"

"Imepita, Mama," nikamwambia. Mbele yetu kulikuwa na basi la watalii, nyuma yetu watu wanapiga honi, na ikulu ilikuwa kitu cheupe nyuma ya miti kilichoonekana kwa muda wa kupepesa jicho. Chakula tulichofungasha tulikilia ndani ya gari, kwenye kituo cha mafuta, tukiwa tumesharudi Maryland. Mume wangu alimwomba Mama radhi. Mama akamwambia ameendesha vizuri sana, wala hakugonga mtu. Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na ndiyo maana iliuma.

Kesho yake, baada ya ibada, tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kunywa chai. Kanisani petu huja mama mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mji ule, aliyestaafu kazi ya kunakili kwa mashine maneno yanayosemwa mahakamani. Kiswahili alijifunza ujanani katika madarasa ya jioni, akakitunza miaka yote hiyo kama mtu anavyotunza kinanda cha babu yake. Anakuja kwetu kwa ajili ya nyimbo. Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote. Sisi tunachanganya, yeye hakosei hata neno moja.

Alimfikia Mama akiwa na kikombe mkononi. "Shikamoo, dada yangu."

Kwetu milimani hatuamkiani hivyo. Mama alilitafuta jibu kidogo, akalipata. "Marahaba. Na wewe utakuwa umenizidi umri, ila sitauliza."

Yule mama akacheka. "Umeuonaje mji wetu?"

"Nimeuona ukipita dirishani."

Nikaanza kumweleza habari za Jumamosi, maua, mabango na basi la watalii, lakini hakuwa na haja ya maelezo mengi. Alitikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa mgonjwa amekunywa dawa ya jirani.

"Mji ule hauonekani kwa gari," akamwambia Mama. "Unaonekana kwa treni na kwa miguu. Alhamisi una kazi gani?"

"Kumenya viazi."

"Viazi vitasubiri."

Tangu siku hiyo Mama alimwita Mwenyeji, na sisi wengine tukafuata.

Alhamisi mimi huwa sina zamu. Tulimkuta Mwenyeji kwenye stesheni ya Takoma akiwa na viatu vya raba na kofia ya majani. Kabla hata hatujaona treni tulikutana na kizuizi cha kwanza: ili kufika juu, treni zinakosimama, lazima upande ngazi za umeme. Mama alizitazama zikijikunjua kutoka ardhini, ngazi baada ya ngazi, akarudi nyuma.

"Kuna lifti pale," nikasema.

Mama akaitazama lifti, milango yake ya chuma ikifunga. "Siingii kabatini."

Nilitaka kumshika mkono nimvute. Mwenyeji akanizuia. "Mwache atazame," akasema, akasimama naye kando, watu wakiwapita. Mama akatazama kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akitazama mto uliojaa kabla ya kuuvuka: wapi watu wanaweka mguu, mkono unashika wapi, wanaposhuka wanafanyaje.

"Usiangalie miguu yako," Mwenyeji akamwambia. "Angalia mgongo wa mtu aliye mbele."

Akapita mwanamume mmoja mwenye begi jekundu mgongoni. Mama akamchagua yule. Akainua sketi kidogo, akaingia nyuma yake, na kabla sijajua kinachoendelea alikuwa anapaa, wima, mkoba mkononi, macho kwenye lile begi. Alipofika juu aligeuka, akaniona bado niko chini.

"Wewe unangoja nini?"

Ndani ya treni Mwenyeji alimketisha dirishani. Pale mwanzoni treni hupita juu ya ardhi, unaona migongo ya nyumba: baiskeli za watoto, mboga kwenye ndoo, nguo zimeanikwa kwenye roshani.

"Kumbe wanaanika," Mama akasema, akafurahi sana.

Kisha tukaingia chini ya ardhi na dirisha likawa jeusi. Mwenyeji akamwonyesha ramani iliyobandikwa ukutani. Laini nyekundu, akamwambia, ina umbo la kiatu cha farasi; nyumbani kwa binti yako ni mwisho wa mguu mmoja, kanisa liko kwenye mguu mwingine, na mji uko chini kwenye mpindo. Mama akawa anazisoma stesheni kwa sauti kila tulipofika, kwa matamshi yake mwenyewe, na kuzirudia. Mimi nilikuwa nimeishi karibu na laini hiyo miaka mingi na sikujua stesheni hata nne kwa mpangilio.

Tulibadilisha treni katikati ya mji, tukashuka ngazi nyingine kwenda laini za chini, na safari hii Mama hakuhitaji mgongo wa mtu. Tulipofika stesheni ya makumbusho, ngazi za kutokea zilikuwa ndefu, na juu kabisa palikuwa na kipande cha anga. Tulipanda tukikitazama. Kile kipande kikawa kinapanuka, mpaka tukatoka kwenye uwanja wa nyasi mpana kuliko nilivyowahi kufikiria. Upande mmoja bunge na kuba lake jeupe, upande mwingine ule mnara uliotusumbua Jumamosi, sasa umesimama mahali pamoja.

Mama aligeuka polepole, mzunguko mzima. "Haya," akasema. "Sasa nimefika."

Mwenyeji hakuwa mtu wa kukusomea vibao. Alichomfundisha Mama kwanza ni mahali vyoo vilipo, akisema hakuna mji mkuu duniani unaoweza kufurahiwa na mtu anayetafuta choo. Alimwonyesha kwamba kwenye majumba ya makumbusho unaingia tu, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Alimwonyesha benchi zenye kivuli, na bomba la maji ya kunywa. Tulikwenda ikulu tukasimama kwenye uzio mpaka Mama aliposhiba kuitazama, akatoa maoni kwamba ni ndogo kuliko alivyotarajia lakini wameipaka rangi vizuri.

Mwisho tulifika kwenye jengo moja la nguzo nyingi, ambamo sanamu ya mawe ya rais wa zamani imeketi kitini, kubwa kama nyumba. Ngazi zake ni nyingi, na Mama ana goti linalomsumbua.

"Hapa kuna lifti chini kwa upande," Mwenyeji akasema.

"Nimeshakwambia habari za makabati."

Alipanda akipumzika, mkono wake begani kwangu. Katikati tuliketi. Wanafunzi waliovaa fulana za rangi moja walitupita wakikimbia, wakatupita tena wakishuka. Alipofika juu aliingia, akasimama mbele ya yule rais, akamtazama uso na mikono. Kisha akatoka nje akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa. Mwenyeji akaketi kando yake.

"Baba yangu alikuwa akituleta hapa jioni za kiangazi," Mwenyeji akasema. "Watoto sita. Nyumba yetu ilikuwa joto kama tanuri, hatuna feni. Tulivua viatu tukaweka miguu kwenye marumaru hii. Ni baridi hata Julai."

Mama akafungua kamba za viatu vyake, akavua na soksi, akaweka nyayo chini.

"Ni kweli," akasema.

Mwenyeji naye akavua. Wakakaa hivyo, wazee wawili miguu mitupu, wakitazama bwawa refu la maji na kivuli cha mnara kilicholala ndani yake. Baadaye Mama akaomba simu yangu akampigia makamu wake wa kikundi, kule Kinangop. "Nimeketi mlangoni kwa rais wao," akamwambia. "Hapana, wa mawe. Ni mtu mtulivu."

Habari zilienea kanisani haraka. Sikuwa nimefikiria ni wanawake wangapi wako kama Mama: waliokuja kulea wajukuu, wengine miezi, wengine miaka, wakahamia kutoka jiko moja hadi jingine. Baada ya ibada walimzunguka.

"Miye niko huku miaka mingi, sijaonaka kitu," alisema mama mmoja wa Bukavu.

"Jamani, na mimi msiniache," akasema mwingine wa Moshi.

Mmoja hakusema neno. Alikuwa mama wa Bungoma aliyekuwa akiishi na mwanawe karibu na kwetu, mtu mpole, anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alilea wajukuu wanne tangu wakiwa wachanga, na inasemekana hakuwahi kwenda hata kwenye kisanduku cha barua peke yake. Alisimama nyuma ya wengine akisikiliza.

Mama na Mwenyeji wakapanga safari ya Alhamisi. Lakini kwanza, Jumapili moja kabla ya safari, Mama aliwashusha wote kwenye ukumbi wa chini, akapanga viti safu mbili kama mabehewa na kuacha nafasi ya mlango.

"Milango ya treni haina adabu," akawaambia. "Ya lifti ukiiwekea mkono inarudi. Hii hairudi. Ikilia, kama uko ndani baki ndani, kama uko nje baki nje."

Akawafanya waingie na kutoka, waingie na kutoka, mpaka chai ikapoa. Kisha akawapa sheria moja.

"Ukiachwa, usilie, usipande ngazi, usimfuate mtu. Simama palepale. Panda treni inayofuata upande uleule, shuka kituo cha kwanza. Sisi tutakuwa tumesimama pale tunakungoja. Hata kama ni mpaka jioni, hatuondoki."

Akamfanya kila mmoja airudie. Mama wa Bungoma aliirudia kwa sauti ndogo hata ikabidi Mama amsogelee.

Alhamisi asubuhi, tukiwa tunafunga chapati kwenye karatasi, Mwenyeji alipiga simu. Binti yake aliyekuwa Baltimore ameshikwa na uchungu, na yeye tayari yuko njiani.

"Sitaweza kuja," akasema. "Lakini mama yako anaijua njia."

Nilikata simu nikamgeukia Mama. "Inabidi tuahirishe."

"Tunaahirisha nini?"

"Mwenyeji hayupo. Wale ni akina mama kumi na wawili. Mimi nimekwenda mara moja tu, na nilikuwa nawafuata ninyi."

Mama alikuwa anapanga chapati kikapuni. Alizifunika kwa leso, akabana pembe zake. "Na mimi siku hiyo nilikuwa nafanya nini, nimelala? Chukua koti."

Tulikutana Takoma. Walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda harusini: vitenge, kofia za kanisani, viatu vya kung'aa. Mama akasimama chini ya zile ngazi za umeme na kuwapandisha mmoja mmoja, akiwaambia waangalie mgongo wa aliye mbele. Mama wa Bukavu akaomba kwa sauti njia nzima mpaka juu, na alipofika akasema amina. Ndani ya treni Mama hakuketi. Alisimama ameshika nguzo, akitaja stesheni kabla hazijatangazwa.

Kwenye stesheni ya kubadilisha palikuwa na watu wengi. Tulishuka laini za chini, treni ikaingia, tukaanza kupanda. Nilikuwa wa mwisho mwisho, nikihesabu kofia. Kengele ya mlango ikalia, nikamsukuma mama wa Moshi mbele yangu, nikaingia, milango ikafunga nyuma yangu. Nikageuka. Mama wa Bungoma alikuwa nje ya kioo, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, ananitazama.

Nilipiga kioo kwa kiganja. Treni ikaondoka.

Akina mama wakapiga kelele wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mimi nilikuwa nafikiria mwanawe, aliyenipigia simu usiku uliotangulia na kuniambia, "Tafadhali, usimwache peke yake hata dakika. Hajazoea." Mama wa Bungoma hakuwa na simu, ya kwake aliiacha nyumbani kwa sababu aliitumia tu kuongea na watu wa Bungoma. Nilimwambia Mama nitamfuata, nitarudi na treni ya upande wa pili.

"Ukirudi, yeye akaja, mtapishana," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya nje ya ofisi ya wakubwa. "Sheria ni ya wote. Tunashuka hapa."

Tukashuka kituo cha kwanza, tukasimama safu kando ya ukuta. Stesheni hizo zina dari kubwa ya zege iliyopinda kama tumbo la mtungi, na mwanga ni hafifu. Taa za ukingoni zikaanza kuwaka na kuzima, ishara kwamba treni inakuja. Ikaingia. Milango ikafunguka, watu wakatoka, tukatafuta kila uso. Milango ikafunga.

Hakuwemo.

Mama wa Moshi akaanza kulia kimyakimya. Mimi nikatoa simu nimpigie mwanawe wa mama wa Bungoma.

"Weka simu," Mama akasema. "Hakuipata treni hiyo. Atapata nyingine." Lakini niliona mkono wake ulivyoshika kikapu.

Taa zikawaka tena. Treni ya pili ikaingia, ndefu, ikasimama. Milango ikafunguka. Behewa lililokuwa mbele yetu likatoa watu wa ofisini na mwanamke mwenye kigari cha mtoto. Lililofuata, hakuna. Nikatazama mbali zaidi, mpaka behewa la mwisho kabisa, na pale, akitoka bila haraka, mkoba kwenye kiwiko, kofia imekaa sawa, alikuwa mama wa Bungoma. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatuona, akainua mkono kama mtu anayesimamisha gari.

Mama wa Moshi ndiye aliyeanza. Kigelegele chake kiliruka kikagonga ile dari na kurudi kikiwa vitano, na kabla hakijaisha wengine wote wakadakia. Sijawahi kusikia kitu kama kile, vigelegele vya wanawake kumi na mmoja chini ya ardhi ya Washington. Watu wakasimama kwenye ngazi kugeuka. Bwana mmoja aliyevaa suti akavua visikilizi masikioni. Mfanyakazi wa stesheni akaja mbio akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna, mwenzetu amefika. Akawatazama wanawake wale wakimkumbatia mmoja wao kana kwamba ametoka vitani, akasema, "Well, good for her," akaanza kupiga makofi, na watu wengine wakapiga pia.

"Msipige kelele, watu wanakwenda kazini," mama wa Bungoma alikuwa akisema, lakini alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Mbona hukupanda ile ya kwanza?" nikamuuliza.

"Ile niliiacha ipite," akasema. "Nilitaka kuona kwanza milango inavyofanya."

Mama alimshika mikono yote miwili. Kisha akageuka, akainua kikapu, akatuongoza kwenda treni iliyofuata.

Siku hiyo nilimfuata Mama kama wengine. Alituonyesha vyoo. Alituonyesha bomba la maji. Ikulu aliwaambia wasitarajie makubwa. Chapati na ndengu tulikula kwenye nyasi, katikati ya bunge na mnara, na watalii wakawaomba akina mama ruhusa ya kupiga nao picha, wakidhani ni sehemu ya sherehe fulani. Walikubali zote. Na kwenye jengo la yule rais wa mawe walipanda ngazi zote, wenye magoti mabovu wakishikiliwa na wenye mazima, na juu wakavua viatu. Safu nzima ya viatu vya kung'aa ilipangwa kwenye marumaru. Mama wa Bungoma aliketi mwisho wa safu, akanyoosha miguu.

Tulikuwa pale Mwenyeji alipopiga simu. Amepata mjukuu wa kike. Mama akatangaza, na vigelegele vikaanza upya, safari hii mchana kweupe, mpaka njiwa wakaruka.

Wakati wa kurudi nilisinzia ndani ya treni. Mama ndiye aliyeniamsha nisipitilize.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Kwa kawaida ni walewale. Safari hii aliyesimama alikuwa mama wa Bungoma, na mwanawe, aliyeketi kando yake, akamtazama kana kwamba kiti kimesimama.

"Niliachwa na treni," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Nikapanda nyingine."

Akaketi. Kanisa lilichukua muda kutulia.

Mama alirudi Kinangop mwishoni mwa kiangazi. Kabla ya kuondoka alitutembeza Jumamosi moja, mimi, mume wangu na watoto, kwa treni na kwa miguu, na mume wangu alikubali kwamba saa mbili hazikutosha. Alhamisi za akina mama zimeendelea. Mwenyeji huja anapoweza, mjukuu mgongoni. Asipokuja, hakuna kinachosimama. Vuli wamekwenda bustani ya mimea na maktaba kubwa, na mama wa Bukavu sasa anazijua laini zote kwa rangi.

Majuzi wanawake wa kanisa moja kule Sterling walisikia habari zao wakauliza kama nao wanaweza kuungana, ila wanaogopa treni. Mama wa Bungoma akasema atakwenda kuwachukua. Ni mbali, unabadilisha laini, unavuka mto hadi jimbo lingine. Mwanawe alijitolea kumpeleka kwa gari, akakataa. Aliondoka asubuhi na mkoba wake kwenye kiwiko. Alikwenda peke yake, akarudi na wanawake tisa.